Sufuria Lililoazimwa Jumamosi Moja

LaVonne Zabka hapendi mpira, ule wa Kimarekani wa kushika mkononi. Tuanzie hapo, maana watu wa Dalibor, mji wetu wa chuo, wakimwona kila Novemba amekaa mstari wa mbele, blanketi magotini, midomo inamchezacheza, hudhani anaiombea timu ya chuo. Timu haimhusu. Alikuwa akiombea sufuria.

Sufuria lenyewe lilikuwa la bibi yake, mama mzaa mama, aliyeitwa Antonie. Chuma cheusi, miguu mitatu, kubwa kiasi kwamba mtoto wa miaka sita anakaa ndani na kichwa tu kinaonekana. Antonie aliyeyushia humo mafuta ya nguruwe, akafulia humo, akaogeshea humo mabinti zake watano. LaVonne husema si kwa siku moja. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya uwanja wa chuo, na mwaka 1934, mwaka ule vumbi lilipokula mahindi yote ya Nebraska, vijana wa chuo walimbishia hodi. Walikuwa wamewaalika wenzao wa chuo cha Tolliver, ng'ambo ya mto, waje kucheza, na jikoni kwao hakuna chombo cha kupikia watu wengi.

"Mama, tuazime," wakasema. "Jumamosi moja tu."

Antonie akawaazima. Tolliver wakashinda, na kwa kuwa vijana ni vijana, wakaondoka na sufuria pamoja na chili iliyokuwa ndani, ule mchuzi mzito wa nyama na maharage. Jumapili Antonie akafunga farasi akawafuata. Akalikuta sufuria limetupwa nje ya bweni, na nusu ya chakula imemwagiwa mbwa. Mwaka wa vumbi ule, watu wanachemsha magugu.

Wanasema aliingia katika ukumbi wao wa kulia na viatu vyake vya zizini, akapanda juu ya benchi, akatoa sheria. Atakayeshinda mpira atakaa na sufuria mwaka mmoja. Atakayeshindwa atapika chili na kuchoma mikate ya mdalasini, atampelekea mshindi Jumapili. Mpishi atauliza mara tatu, kwa sauti, kama kuna anayetaka tena. Wachezaji wakila mpaka chini wakapangusa kwa mkate, wataligeuza sufuria juu ya vichwa vyao kuonyesha kuwa ni kavu, na litakuwa lao. Likibaki hata tone baada ya kuulizwa mara ya tatu, sufuria linarudi kwa mwenyewe.

Hakuna aliyebisha. Antonie akarudi nyumbani akihesabu kwamba mwaka mmoja, miwili, watashindwa kumaliza na yeye atapata chombo chake. Hapo alikosea. Alikuwa amezaa mabinti watupu, hakujua kijana wa miaka kumi na tisa anaweza kula kiasi gani. Miaka ikapita, na kila mwaka sufuria likageuzwa vichwani, kavu kama ngoma.

Mara moja tu chakula kilibaki. Mwaka 1958 Tolliver walishinda wakiwa na mafua, nusu ya timu imelala, na sufuria likarudi Dalibor kwa Rose, binti wa Antonie, mama wa LaVonne. Likakaa kwake siku nne. Siku ya tano mkuu wa chuo wa wakati huo akaja kwa tai na kofia mkononi. "Rose, tuazime. Jumamosi moja tu." Rose alikuwa na tabia ya kuona haya mbele ya watu wenye tai. Akalitoa. Alijuta mpaka siku ya kufa. Hospitalini, pumzi zimebaki za kuhesabu, alimshika LaVonne mkono akamwuliza, "Mwaka huu liko wapi?"

"Liko Tolliver, mama."

"Mbwa wale," akasema Rose, mama mzee wa kanisani, na hayo nusura yawe maneno yake ya mwisho.

Wasomi wale wana vyuo, wana maktaba, wana watu waliosomea nyota za mbinguni. Kurudisha chombo cha jirani, hakuna aliyesomea.

LaVonne aliingia jikoni kwa chuo akiwa na miaka kumi na minane, akashika nafasi ya mama yake kwenye jiko lile lile. Mimi nilimkuta hapo. Tumemenya vitunguu pamoja miaka kumi na tisa, na siri ya mtu utaijua kwenye vitunguu, maana hapo kila mmoja analia na hakuna anayeulizwa. Ana nyonga moja ya chuma, ana binti mmoja Denver anayepiga simu sikukuu, na ana mume anayeitwa Duane, mkulima wa mahindi. Duane ni mtu mwema, lakini ukimwuliza kitu Jumatatu, jibu subiri Alhamisi.

Kila mwaka sufuria lilipokuwa Tolliver, Jumatatu ya kwanza ya mwezi LaVonne alikwenda huko na kopo la mafuta ya nguruwe kulipaka lisishike kutu. Mlango wa nyuma alifunguliwa na Orval Teague, mtunza vifaa wa Tolliver, mzee mrefu mwenye mgongo uliopinda kama mundu. Aliliweka sufuria kwenye chumba chake, katikati ya helmeti na mabega ya plastiki. Wanalipaka, wanakunywa kahawa mbaya ya Orval, LaVonne anarudi. Zaidi ya miaka thelathini.

"Shoga," nilimwuliza siku moja, "huyo Orval ni wa kupaka mafuta tu?"

"Orval ananuka viatu," akasema. "Menya."

Basi. Sasa nije kwenye ligi.

Dalibor na Tolliver walikuwa ligi moja na vyuo vingine sita, vyote kando ya mto ule ule. Ligi ya majirani. Timu ikicheza ugenini, unapakia watoto na sandwichi, unaendesha saa moja au mbili, unatukanana na watu unaowajua, unarudi kulala kwako. Halafu Tolliver wakaanza kushinda sana. Ikaja ligi kubwa yenye televisheni nyuma yake, ikawakonyeza, nao wakajiona. Umewahi kuona mwanamke aliyeambiwa na mpiga picha mmoja kwamba ana sura ya matangazo? Hapiki tena huyo. Kiangazi wakatangaza kwamba msimu huo ndio wa mwisho nasi, kuanzia mwaka unaofuata watacheza na vyuo vya pwani, pwani zote mbili. Wiki mbili hazikupita, vyuo vingine vitatu navyo vikapata mabwana. Tukabaki wanne tunatazamana kama watu waliochelewa harusi.

Mkuu wetu wa chuo, Dakta Hargrove, hakutaka kubaki bila ligi. Akatutafutia. Akatuita wafanyakazi wote ukumbini, akatundika ramani, akatuonyesha ligi yetu mpya kwa kijiti. Chuo cha karibu zaidi katika ligi hiyo kilikuwa mwendo wa saa kumi na nne kwa basi.

"Tutakuwa na sura ya kitaifa," akasema.

"Wasichana wa voliboli watalala wapi?" akauliza mwalimu wao.

"Kwenye ndege," akasema Hargrove, akacheka peke yake.

Na kweli walikuja kulala kwenye ndege, na kwenye viwanja vya ndege, na kwenye mtihani wa kemia. Timu ya kuogelea ilifutwa ili nauli zipatikane. Bwawa likafunikwa turubai, na vijana wale wa kuogelea unawaona mpaka leo wanazunguka na mabega yao mapana hawajui wayapeleke wapi. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ukumbini LaVonne aliinua mkono.

"Na sufuria?"

Hargrove akashusha kijiti. "Swali zuri," akasema.

Mtu mkubwa akikwambia swali zuri, jua jibu lipo na hutalipenda. Lilikuwa hivi: yeye na wenzake wa Tolliver walikuwa wameshaongea kwa simu. Mechi ya Novemba itakuwa ya mwisho kabisa. Nafasi ya kucheza tena haipo, ratiba za ligi zote mbili zimejaa kwa miaka kumi na miwili. Kwa hiyo mshindi atabaki na sufuria moja kwa moja. Tolliver walikuwa wanajenga jengo jipya la michezo, na ndani yake kabati la kioo, lenye taa.

"La milele?" akauliza LaVonne.

"La kudumu," akasema Hargrove, kana kwamba ni nafuu.

Tulirudi jikoni. LaVonne akafunga aproni, akachukua kisu, akaanza kumenya vitunguu ambavyo havikuwa vya siku hiyo.

"Kabati la kioo," akasema mwishowe. "Nani atalipaka mafuta kwenye kabati la kioo?"

"Watalipaka rangi," nikamwambia. "Watu kama hao hupaka rangi."

Sikupaswa kusema. Uso wake ulibadilika kama nimemwambia watampaka rangi mama yake.

Wakati huo sufuria lilikuwa kwetu, maana mwaka uliotangulia tulishinda kwa bahati ya mvua. Tulihitaji kushinda tena mara moja. Ningependa kukueleza mechi ile kwa undani, lakini hakuna undani. Tolliver walikuwa wamenunua timu. Vijana siku hizi wanahama chuo kama wapangaji; leo yuko huku, kesho kule penye dau nono. Walishuka kwenye basi wamepangana kama makabati. Pointi hamsini na mbili kwa sita. Zile sita zetu nadhani walituhurumia.

LaVonne alikaa mpaka dakika ya mwisho. Watu walikuwa wanalia pembeni yake, wanaume wazima wenye ndevu, kwa ajili ya miaka tisini ya ujirani. Yeye alikunja blanketi, akaniambia, "Twende tukaloweke maharage."

Tulipika Jumapili tangu alfajiri, uani nyuma ya jikoni, juu ya kuni, kama Antonie. Nyama ya kusaga, maharage mekundu, nyanya, pilipili kavu za LaVonne mwenyewe anazozitundika gereji. Ndani, trei baada ya trei ya mikate ya mdalasini. Watu wa pwani huwa wanashangaa kwamba tunakula mchuzi wa nyama na mkate wa sukari. Wakishaonja hawashangai tena.

Nilikuwa na wazo langu, nikalitoa.

"Hiyo pilipili, tia konzi tatu zaidi."

"Kwa nini?"

"Shoga, kwa nini, kwa nini. Wasimalize. Likibaki tone linarudi kwa mwenyewe. Sheria ya bibi yako mwenyewe hiyo."

Alikoroga kwa muda. Mwiko wake ni mrefu kama kasia.

"Chumvi basi," nikasema. "Chumvi haina dhambi."

"Chakula hakijanikosea," akasema LaVonne. "Bibi aliweka sheria kwa sababu walimwaga chakula. Mimi nikakiharibu ili nilipate sufuria? Nitamwambia nini tukikutana?"

"Mwambie umelipata."

"Niletee bizari."

Ilikuwa chili bora niliyowahi kumwona akipika, na nilimwambia kwa hasira. Kila akionja nilikuwa naliona sufuria likielekea kwenye kabati. Vijana mia na kumi, matumbo mia na kumi. Hata masizi ya nje wangelamba.

Duane aliendesha pikapu. Sufuria nyuma, limefungwa kamba na kuviringishwa mablanketi ya farasi, mikate juu ya mapaja yetu. Kwenye daraja la mto Duane akakohoa, tukamgeukia wote wawili, kumbe ni kikohozi tu.

Jengo jipya la Tolliver lina maporomoko ya maji ukumbini. Ndani ya nyumba. Chini yake kuna samaki. Na pale mkabala na mlango, kabati la kioo lenye taa zimeshawashwa, tupu, na kibao cha shaba kimeshaandikwa. Orval alikuwa amesimama pembeni na kofia yake ya kazi. Yeye na Duane na vijana wanne walilishusha sufuria wakaliweka juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cheupe.

"Inanukia," Orval akamwambia LaVonne kwa sauti ya chini.

"Imetoka vizuri," akasema LaVonne, kama mtu anayetangaza msiba.

"Wale sita tu ndio waliokuwepo mwaka juzi tulipokula," akasema Orval, akiwaonyesha wachezaji kwa kidevu. "Wengine wote wapya. Na mimi mwisho wangu Ijumaa. Ligi mpya, kampuni mpya ya vifaa. Wana mashine inayokunja soksi."

"Miaka mingapi, Orval?"

"Arobaini na moja."

LaVonne alimshika kiwiko, akaachia.

Kocha alikuja na mkono mbele. Sellers, kijana wa miaka thelathini na kitu, meno meupe kuliko kitambaa cha meza. Aliletwa mwaka ule ule kutoka kusini. Nyuma yake msichana mwembamba mwenye kompyuta ya mkononi, anaitwa Kaylin, mtaalamu wa lishe. Ligi kubwa hawali, wanalishwa.

"Mama, mila nzuri sana hii," akasema kocha. "Tunaiheshimu sana. Tupige picha kwanza?"

Wakapiga picha. Wachezaji wakapangwa nyuma ya sufuria, kila mmoja na kijiko. Halafu Kaylin akatoa vikombe. Nasema vikombe, vile vidogo vya karatasi ambavyo hospitali huwekea vidonge.

"Gramu mia kila mmoja," akasema. "Mkate robo. Samahani, mama, wana vipimo vya damu kesho."

Nilimwangalia LaVonne. LaVonne alikuwa anakiangalia kikombe. Kisha akachukua upawa, akawapakulia, mmoja mmoja, kwa adabu, akijaza kila kikombe mpaka mdomoni.

Kulikuwa na kijana mmoja, mpana kama mlango wa ghala, jina limeandikwa mgongoni Fonoti. Alikula cha kwake kwa mara moja. Akasimama. Akalitazama sufuria. Akanyoosha kikombe tena.

"Fonoti," akasema Kaylin bila kuinua macho, "damu."

Alikiweka kikombe chini polepole kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Moyo uliniuma kwa ajili yake, na papo hapo nikaanza kuhesabu. Gramu mia kwa watu mia na kumi. Hesabu za darasa la saba zinatosha hapo. Nilichungulia sufuria. Zaidi ya nusu ilikuwa bado.

Nadhani LaVonne aliona wakati ule ule nilipoona mimi. Alisimama wima, nyonga ya chuma na yote, akafuta mikono kwenye aproni. Akauliza kwa sauti ambayo maporomoko ya maji hayakuifunika:

"Kuna anayetaka tena?"

Wachezaji wakatazamana. Wachache wakamtazama Kaylin.

LaVonne hakuharakisha. Ningekuwa mimi ningeuliza mara tatu kwa pumzi moja na kukimbia. Yeye alikoroga, akainua upawa umejaa wauone, mvuke ukapanda, harufu ikatambaa ukumbi mzima.

"Kuna anayetaka tena?"

"Tumeshiba, mama, asante sana," akasema kocha, akaangalia saa yake. "Jamani, kwenye mabafu ya barafu, mpoze misuli. Dakika kumi."

Wachezaji wakaanza kutoka. Fonoti alitoka kinyumenyume.

Orval alikuwa mlangoni, wanapita mbele yake. Nilimwona akifungua mdomo. Mtu wa Tolliver damu na mfupa. Baba yake alicheza hapo, sheria ile anaijua kama Baba Yetu. Neno moja tu kwa kocha, vijana wale wangerudishwa na sufuria lingepanguswa kwa dakika tano, damu au hakuna damu. LaVonne naye alimwona. Hakumwomba kwa macho wala nini. Alisubiri. Akampa nafasi yake, kama alivyowapa wale vijana.

Orval akafunga mdomo. Akavua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Kuna anayetaka tena?" akauliza LaVonne mara ya tatu.

Maji yakaporomoka. Samaki wakazunguka.

"Haya," akasema. "Duane, lete kamba."

Kocha alidhani ni mchezo. Alitabasamu mpaka alipoona blanketi za farasi zinarudi. "Mama, samahani, hilo linabaki hapa. Tuna kabati."

"Nimeliona. Kabati zuri."

"Tulishinda jana."

"Mpira mlishinda," akasema LaVonne. "Kula mmeshindwa." Akamsomea sheria, yote, polepole, kama alivyoisema Antonie juu ya benchi.

Kocha akamgeukia Orval. "Ni kweli hii?"

"Kweli, kocha. Mwaka hamsini na nane mafua yalitukosesha hivyo hivyo. Baba yangu alivaa namba sabini na moja. Alikuwa kitandani, aliwasikia wakilipakia."

"Na mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," akasema Orval. "Kitu pekee ulichoniuliza mwezi huu ni funguo nitarudisha lini."

Kocha alikuwa mwekundu kuanzia kola kwenda juu. Akamwambia Kaylin awaite wachezaji. Kaylin akasema wameshaingia kwenye barafu, na hata wangetoka, mkataba wake unasema yeye ndiye anayeamua kinachoingia kinywani. Nilianza kumpenda msichana yule.

"LaVonne ameshauliza mara tatu," akasema Orval. "Hakuna ya nne."

"Sasa tutaweka nini humo?" kocha akasema, akionyesha kabati, na kwa mara ya kwanza alionyesha umri wake.

LaVonne akachukua kikombe kimoja cha karatasi kilichotumika, akakipangusa, akamkabidhi.

Tuliporudi Dalibor wachezaji wetu walikuwa uwanjani wanaokota takataka za jana, maana timu ikifungwa hamsini na mbili ndiyo adhabu. Duane akarudisha pikapu nyuma mpaka ukingoni mwa nyasi. LaVonne akasimama juu ya tela na upawa. Hakuhitaji kuuliza hata mara moja. Walikula kwa bakuli, kwa vifuniko, mmoja kwa helmeti. Walipangusa kwa mikate ya mdalasini iliyobaki, na wanne wakaligeuza sufuria juu ya vichwa vyao, na harage moja likamdondokea mmoja wao sikioni, akalila.

Dakta Hargrove alikuja akikimbia, koti mkononi. Habari ilikuwa imemfikia kabla yetu.

"LaVonne, umetuokoa. Wamekula wote, wamegeuza, nimeona. Litakaa ukumbini kwetu. Nitaagiza kabati."

"Linarudi kwa mwenyewe," akasema LaVonne.

"Ndiyo, kwa chuo."

"Chuo kiliazima." Akashuka telani, Hargrove akampa mkono bila kujua anafanya nini. "Na hao wamekula makombo tu. Sheria ni ya washindi."

Likaenda kwake. Liko uani, nyuma ya nyumba, pale pale lilipotoka, ingawa nyumba ya Antonie ilishavunjwa na sasa ni ya mabati. LaVonne amestaafu. Anapika humo Jumamosi anazotaka yeye. Orval huja kutoka Tolliver, hana pa kwenda tena Jumamosi, na huja na watu wake watatu wanne ambao hawawezi kufuata timu mpaka pwani. Watu wetu nao huja, wale wasioweza kuifuata timu yetu mwendo wa saa kumi na nne. Wanakaa kwenye viti vya kukunja, wanatukanana kuhusu mechi za mwaka sabini na tatu, wanakula mpaka chini. Mchezo wenyewe unaonyeshwa kwenye televisheni ndani. Sijaona mtu akiingia kuutazama.

Oktoba iliyopita nilikuwa pale, tunalipaka mafuta, mimi na LaVonne na Orval, Duane amelala chini ya trekta anafunga kitu. Gari la Hargrove likaingia. Akashuka na tai, kofia mkononi.

Akasifia maboga. Akauliza hali ya nyonga. Kisha akasema ligi mpya wanataka kila mechi kubwa iwe na kombe lenye historia, televisheni wanaulizia, na sisi tunacheza nyumbani na chuo kimoja cha Florida, na hakuna kitu katika jimbo hili chenye historia kama—

"Hapana," nikasema mimi, ingawa sikuulizwa.

LaVonne aliendelea kupaka. Lakini nilimwona. Yeye ni binti wa Rose, na mtu mwenye tai alikuwa amesimama uani kwake anaomba kwa upole. Kitambaa kilianza kwenda taratibu. Orval aliacha kupaka, akatazama miguu yake.

"Jumamosi moja tu, LaVonne," akasema Hargrove.

Chini ya trekta spana ikanyamaza. Miguu ya Duane ikajikunja, akajisukuma nje mgongo mgongo mpaka uso wake ukatokea, umejaa grisi.

"Ya mwaka gani?" akauliza.

Hargrove akairudisha kofia kichwani, akarudi kwenye gari. LaVonne akachovya kitambaa kwenye kopo, akaanza upande wa pili. Duane akarudi chini ya trekta.